Je, ni lazima nimwombe ruhusa Mtanzania mwenzangu?

"Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma miaka mitano iliyopita nikitokea Dar es Salaam. Mwezi wa saba mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na familia ya jirani tunakwenda Tarangire kwa Noah mbili, tukipitia Kondoa. Tunataka kusimama Kolo tuone michoro ya mapangoni, halafu siku ya pili tufike kwenye boma la Wamang'ati upande wa Hanang, watoto waone watu walivyoishi zamani. Shida yangu ni hii. Mwaka jana tukipita Katesh nilimpiga picha mama mmoja kando ya barabara, amevaa sketi ya ngozi. Akanigeuzia mgongo huku akisema maneno nisiyoyaelewa, na kijana aliyekuwa naye akaja dirishani kudai elfu kumi. Niliondoka bila kulipa, nimekasirika. Mzungu kudaiwa hela naelewa, lakini mimi ni Mtanzania mwenzao! Nilikosea? Na safari hii tufanyeje? Mke wangu ameshanunua pipi pakiti sita na madaftari ya kugawia watoto."

Ndugu yangu, nianze na hasira yako, maana mapango na madaftari yanaweza kusubiri. Unataka kujua kama ruhusa ni deni la wageni wa nje tu, na kama ile elfu kumi ilikuwa haki au ujanja. Ulikosea, ndiyo. Ila kosa lako haliko pale unapodhani, na kijana yule hakuwa ombaomba.

Uraia unakupa haki ya kupita Katesh saa yoyote upendayo. Mlango wa mtu ni jambo jingine. Chukulia uko kwenu Dar, mama yako amekaa barazani anapepeta mchele, gari likasimama, kioo kikashushwa, mtu akampiga picha bila hata salamu kisha akatia gia. Ungemuuliza kitambulisho cha taifa? Ungesema huyu hana adabu. Sasa ongeza hili: Mzungu akifanya hivyo watu husema hajui, kwao labda hawapigi hodi. Wewe hodi unaijua tangu hujaanza shule. Ndiyo maana, kwa uzoefu wangu wa kuongoza wageni tangu 2003, Mtanzania asiyesalimia huudhi zaidi kuliko mgeni wa nje. Watu wengi wa mjini hawalitegemei hilo, na hapo ndipo safari zao huharibikia.

Tumwangalie na yule mama. Sketi ya ngozi aliyovaa ni vazi la mwanamke aliyeolewa, na kwao ina uzito wa kiibada. Haikuvaliwa kwa ajili ya maonyesho, na wala haikuvaliwa kwa kukosa kitenge, kwa sababu vitenge vimejaa madukani Katesh. Wanawake wa jamii hiyo wana baraza lao wenyewe, na mwanamume anayemkosea mwanamke anaweza kuitwa mbele yake na kutozwa faini ya ng'ombe. Kwa hiyo alipokugeuzia mgongo hakuwa mshamba anayeogopa kamera. Alikuwa mtu mwenye sheria nyuma yake, na alikukatalia kwa njia ya upole kuliko nyingine alizokuwa nazo.

Elfu kumi nayo ina historia. Lami ya Dodoma hadi Babati ilipokamilika mwaka 2018 ilirahisisha maisha ya wengi, mimi nikiwemo, lakini ilibadilisha namna wasafiri wanavyokutana na watu wa njiani. Zamani ulilala Kondoa upende usipende. Ulikula kwa mtu, ukanunua ndizi kwa mtu, ukajulikana jina. Siku hizi gari linasimama dakika moja tu, kwa ajili ya picha. Mtu wa kando ya barabara akipigwa picha mara ishirini kwa mwaka na watu asiowaona tena, naye huja kuambiwa na vijana wenye simu kwamba sura yake iko kwenye kalenda na mitandaoni, atafanya nini? Ataweka bei. Bei hiyo inajaza nafasi ya salamu ambayo haikutolewa. Mimi siipendi, nasema wazi, kwa sababu ikizoeleka watoto huacha mbuzi porini wakaja kusimama barabarani. Lakini siwezi kumlaumu anayeidai wakati mpigaji ameshachukua alichotaka.

Basi ile picha ifute. Kama uliirusha, iondoe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, mtu aliyekugeuzia mgongo ameshakujibu.

Sasa jina. "Mang'ati" ni neno walilopewa na Wamasai waliokuwa wakipigana nao, na maana yake ni adui. Najua limezoeleka, hata makondakta wa mabasi hulitumia bila nia mbaya, na wapo wenyewe wanaoliitikia ili mambo yaende. Ila ukifika bomani sema Wadatoga, au Wabarabaig kama ni wa Hanang, kwa kuwa Barabaig ni tawi mojawapo la Wadatoga. Uone nyuso zitakavyobadilika.

Kuna jambo la pili la kujua kabla watoto hawajashuka garini. Wabarabaig humzika mzee wa heshima kwa sherehe ya miezi mingi, na kaburi lake huinuliwa kwa udongo, likaitwa bung'eda. Mgeni asiyejua huona kichuguu kikubwa au kilima kizuri cha kupigia picha. Kwenye nyanda za Hanang, serikali kwa msaada wa Kanada ililima ngano kwenye takriban hekta 40,000 za malisho mazuri, kuanzia miaka ya 1970, na moja ya malalamiko makubwa ya wenyeji yaliyofika hadi mahakamani lilikuwa kwamba makaburi yalipitiwa na jembe la trekta. Wazee wa leo walikuwa vijana wakati huo. Upande wa Kondoa nako, chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO ulioanza 1973, mifugo yote iliondolewa kwenye vilima vilivyomomonyoka mwaka 1979. Ardhi ilipona kwa kiasi kikubwa, lakini watu walihamisha ng'ombe wao kwa amri. Nakwambia haya ili usishangae gari lisilojulikana likiingia kijijini na watu wakaganda. Gari geni mara nyingi limekuja na kamba ya kupimia.

Ile "waone watu walivyoishi zamani" uliyoandika, nakuomba uiache Dodoma. Kijana wa boma utakaloingia ana laini mbili na anajua bei ya dume mnadani vizuri kuliko mimi na wewe. Huenda ana dada anayesoma chuo hapa hapa UDOM. Watoto ukiwaambia wanakwenda kuona zamani watasema hivyo kwa sauti mbele ya mwenyeji, maana watoto hawana breki. Waambie tunakwenda kumtembelea mfugaji. Hapo watakuwa na maswali ya kweli: ng'ombe wangapi, nani anakamua, fisi wakija usiku inakuwaje.

Nisikufanye uone kwamba mimi sijawahi kuharibu. Mwaka wangu wa pili kazini niliwapeleka wageni kwa familia moja ya Kigogo, si mbali na kwetu Mvumi. Mimi mwenyewe Mgogo, nikajiona niko nyumbani. Nikaingiza Land Cruiser mpaka karibu na tembe, kwenye kivuli. Wageni wakashuka, wakafurahia ile nyumba ya paa bapa la udongo, wakapiga picha. Mama mwenye nyumba alitusalimu vizuri, akatuletea vigoda. Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia nyuma ya gari, taratibu, akirudia pale pale. Nilidhani ni usafi tu. Tulipokuwa tunaondoka, kitoto cha miaka kama saba kikaniambia, "Umekanyaga uwanja wa uwele." Nikageuka kutazama. Pale nilipoegesha palikuwa pamesiribwa kwa udongo, pakakaushwa na kulainishwa kwa kazi ya siku kadhaa, kwa ajili ya kupuria mavuno, na magurudumu yangu yalikuwa yamechora mifereji miwili katikati. Mama yule hakusema neno hata moja, kwa kuwa mgeni haambiwi. Nilirudi wiki iliyofuata na sukari na samahani, akacheka, akasema ameshasiriba upya. Tangu siku hiyo gari langu linabaki nje, mbali, hata kama jua linachoma. Na ninyi fanyeni hivyo, hasa mwezi wa saba, maana mavuno bado yako viwanjani.

Kwa kuwa nimetaja Ugogo, niongeze neno la pembeni kuhusu utani. Tunajua nchi nzima inatutania Wagogo kuhusu kuomba, na mtani wangu halali akinitania nacheka, namrudishia mara mbili. Lakini utani una wenyewe. Wewe wa Pwani usianze kumtania mwenyeji uliyekutana naye dakika tano zilizopita kwa sababu tu umesikia redioni. Subiri akuanze yeye. Ukipita vijiji vyetu anza na salamu yetu, "Mbukwenyi", uone watu watakavyokuchangamkia.

Kolo ni rahisi zaidi, kwa sababu pana utaratibu. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na ofisi iko pale pale Kolo kando ya barabara kuu, kaskazini ya Kondoa mjini. Mnajiandikisha, mnalipia, mnapewa mwongozaji. Si mapango hasa, bali ni miamba iliyoinama ikatengeneza vivuli, zaidi ya 150 katika eneo zima, na mingine hufikiwa kwa kupanda kilima kwa miguu, kwa hiyo viatu vya kanisani viacheni. Mtaona watu warefu wembamba, twiga, tembo na pofu, yule swala mkubwa, kwa rangi nyekundu.

Wageni wengi hudhani pale ni makumbusho, mahali palipokwisha kazi. Sivyo. Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko, na wazee wa Kirangi hupanda huko kuomba mvua, kwa mnyama wa kuchinjwa na pombe ya nafaka. Mkikuta kibuyu, majivu au sarafu chini ya mwamba, viacheni vilivyo, na mtoto asiokote hata shilingi. Mwongozaji akisema leo hatupandi, msimbembeleze wala msimtolee noti. Na tafadhali sana, asitokee mtu wa kunyunyizia maji ukutani ili rangi ikolee kwenye picha. Ujanja huo umefanywa miaka mingi, na maji yale huyeyusha chumvi za mwamba kisha yakikauka huacha utando unaofifisha mchoro kila mara zaidi. Mkono nao una mafuta na jasho, msiguse. Kondoa ina Waislamu wengi, kwa hiyo mama awe na kanga ya kujifunga, na Ijumaa mchana msitarajie mtu akuache msikitini aje kukuhudumia.

Sasa boma. Njia ninayoiamini ni kwenda na mwenyeji anayejulikana pale. Tangu 1995 nchi yetu ina mpango wa utalii wa kiutamaduni chini ya Bodi ya Utalii, na vikundi vya aina hiyo vipo Babati na Hanang. Mnapiga simu mapema, mnakubaliana idadi ya watu, muda, bei, na nani analipwa. Faida yake ni kwamba familia inajua mnakuja na imekubali. Hasara yake nakwambia kwa ukweli: boma linalopokea magari kila wiki huwa limeshajifunza kuigiza. Watavaa, wataruka ngoma, watatandaza shanga. Si uongo, ni kazi yao, lakini usidhani umeona maisha yao yote.

Njia nyingine ni ya kupitia mtu, kama mfanyakazi mwenzako wa kutoka Katesh au mwalimu aliyewahi kufundisha huko. Hii ndiyo tamu kuliko zote, ila inataka muda. Hamwezi kwenda kwa watu saa nne mkaaga saa tano.

Na ipo ya tatu ambayo wengi hawaifikirii: nendeni mnadani. Siku ya mnada wa mifugo wafugaji wote huja wenyewe, wamependeza, na hapo kila mtu ni mgeni wa mwenzake. Mnanunua, mnakula nyama choma, mnauliza bei ya mbuzi, mazungumzo yanajizalisha. Hata hapa Dodoma mnaweza kuanza na Msalato. Ulizeni tarehe kabla ya kusafiri, maana minada mingi huenda kwa tarehe za mwezi badala ya siku za wiki. Kama mna watoto wadogo na siku moja tu, mimi ningechagua mnada na boma ningeliacha. Watu tisa au kumi wakimwagika kwenye ua wa familia moja ni wengi mno. Kwanza vigoda havitawatosha.

Mkiamua boma, gari libaki nje ya uzio wa miiba, na ninyi msimame pale. Ng'ombe wakiwa wanatoka au wanaingia, ngojeni wapite. Mtu atakuja. Wanaume wamsalimie mzee kwanza, shikamoo inaeleweka, na mkionyeshwa pa kukaa mkae, hata kama watoto wamechoka kukaa garini. Simu zote mfukoni. Baada ya mazungumzo, labda nusu saa, mwulizeni mwenyeji nani anaridhia kupigwa picha. Atakayekubali mwonyesheni picha kwenye kioo, na mkifika Dodoma isafisheni kwenye karatasi mwitume kwa basi. Nimefanya hivi miaka mingi, na nimekuta picha zangu zimechomekwa ukutani, zimekolea moshi. Watoto wa pale msiwapige hadi mzazi aseme, na msiwarushe mitandaoni kabisa. Droni, kama jirani yako anayo, iacheni nyumbani: inahitaji vibali, na ng'ombe wakikurupuka mtalipa.

Malipo mpeni mliyekubaliana naye, mbele ya wengine, kwa hesabu inayosikika. Kama ni ada ya kijiji, inalipwa kwa mtendaji, naye anatoa risiti. Zawadi ya nyumba iwe kile ambacho ungempelekea shangazi: sukari kilo mbili tatu, majani ya chai, sabuni, chumvi.

Mtaletewa maziwa, na hapa wengi hubabaika. Kibuyu huoshwa na kufukizwa kwa moshi, na mtindi wake ni mtamu, sikatai. Lakini maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na moshi hauviui. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, kisha sema ukweli kwamba daktari amewakataza watoto maziwa mabichi, na uombe yachemshwe kwenye chai. Sijaona aliyekasirika. Aliyekunywa kwa aibu, kisha baada ya wiki kadhaa akapata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, aende hospitali na amwambie daktari kwamba alikunywa maziwa mabichi, la sivyo atatibiwa malaria mara tatu bila kupona.

Mazungumzo yakifika kwa wanyama, na yatafika kwa kuwa mnatoka au mnakwenda Tarangire, chungeni ulimi. Mvua zikinyesha tembo wa Tarangire hutoka nje ya hifadhi na kutawanyika kwenye ardhi ya vijiji. Kwako tembo ni picha, kwa mwenyeji ni usiku mzima wa kupiga madebe shambani. Kuna malipo ya serikali, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyepoteza mtu, na majina yenyewe yanakueleza kwamba si fidia. Badala ya kumwambia mtu ana bahati kuishi na wanyama, mwulize kama mwaka huu walimfikia. Kisha nyamaza usikilize.

Kabla ya safari, pita au piga simu kwa afisa utalii au afisa utamaduni wa halmashauri ya Hanang au Babati. Atakuambia kikundi kipi kinafanya kazi sasa na kipi kimebaki bango tu, jambo ambalo mimi siwezi kulihakikisha nikiwa Dodoma. Mkizozana na mtu njiani kuhusu picha, futa mbele yake, omba radhi, na isipotosha tafuteni mwenyekiti wa kitongoji. Msiondoe gari huku mtu ameshika mlango.

Madaftari ya mama ni wazo jema lililokosa njia tu. Yakigawiwa dirishani, mwenye mbio atapata matano na mwenye ulemavu atakosa. Mpigieni mwalimu mkuu wa shule moja, mwulize wamepungukiwa nini. Pengine atasema chaki, pengine mipira. Pipi ndizo siziungi mkono hata kidogo. Daktari wa meno yuko mbali na vijiji hivyo, na mtoto anayekimbilia pipi leo kesho atakimbilia gari lisilosimama. Wapeni wenu kuanzia Kondoa, milima ile ya Bereko ina kona nyingi na watoto watahitaji kitu mdomoni. Maganda wayaweke kwenye mfuko.